Kanisa Lililoachwa Lisimame

Leo nakupeleka kaskazini-magharibi ya Uingereza, kwenye kijiji kiitwacho Cartmel, na tunaanza na karatasi.

Mwaka 1537 maofisa wa mfalme walikuwa wakifunga hesabu za nyumba ya watawa katika kijiji hicho. Watawa walikuwa wameshafukuzwa, na baadhi yao walikuwa wameshanyongwa, huko tutafika. Iliyobaki ilikuwa kazi ya mali: kipi kiuzwe, kipi kivunjwe, nani apewe nini. Kila walipokwama, maofisa waliandika swali na kulipeleka kwa wakubwa. Swali mojawapo lilihusu kanisa lenyewe. Lilikuwa kanisa la watawa, lakini papo hapo lilikuwa kanisa la parokia. Je, lisimame au libomolewe? Jibu lilitoka kwa Kansela wa Dachi ya Lancaster, mamlaka iliyosimamia mali za mfalme upande ule, nalo lilikuwa fupi mno: liachwe lisimame.

Kati ya mwaka 1536 na 1540 Mfalme Henry wa Nane alifunga nyumba za kitawa zipatazo 800 katika Uingereza na Wales. Nyingi zilivuliwa paa, zikachukuliwa kengele, na mawe yake yakaenda kujenga maghala na majumba ya matajiri. Jirani kabisa na Cartmel, kwenye rasi inayofuata upande wa magharibi, kuna Furness, abasia iliyokuwa tajiri kuliko Cartmel mara nyingi sana. Leo Furness ni magofu. Ni magofu mazuri, ya mawe mekundu, watu hulipa kiingilio kuyaona, lakini ni magofu. Cartmel bado inapiga kengele Jumapili. Ninachotaka tukizungumze ni kwa nini, kwa sababu wanaosifiwa kwa kuliokoa kanisa hili kwa kawaida ni mashujaa na matajiri, na mimi nina mashaka na orodha hiyo.

Kwanza tujue mahali penyewe. Cartmel iko kwenye ulimi wa nchi kavu unaoingia katika ghuba ya Morecambe, nyuma yake milima, mbele yake mchanga. Nyinyi wa pwani mtanielewa haraka: maji yakipwa pale, bahari hukimbia maili kadhaa na kuacha uwanja mpana wa mchanga na tope, yakijaa, hurudi kwa kasi inayomshinda mtu aendaye kwa miguu. Pamoja na hatari hiyo, kwa karne nyingi njia ya kawaida ya kutoka Lancaster kwenda Cartmel ilikuwa kukatiza mchangani humo. Milimani kulikuwa na mzunguko mrefu. Kwa hiyo kijiji kilikuwa kama kisiwa, na watu wa kisiwa huwa na tabia ya kujitegemea. Ukristo ulikuwa umefika mapema huko. Katika karne ya 7 mfalme wa Northumbria, Ecgfrith, alimpa Mtakatifu Cuthbert nchi ya Cartmel pamoja na watu wake. Kumbuka jambo hilo: watu walikuwa wakisali pale muda mrefu kabla ya watawa kuja.

Aliyewaleta watawa ni William Marshal, na maisha ya huyu bwana yangetosha kipindi chake peke yake. Alizaliwa mnamo mwaka 1147, mtoto wa kiume ambaye hakuwa na tumaini kubwa la urithi. Alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi baba yake alimtoa rehani kwa Mfalme Stephen, kisha baba huyo huyo akavunja mapatano. Mfalme akatishia kumnyonga mtoto. Habari za maisha yake, zilizotungwa kwa Kifaransa muda mfupi baada ya kifo chake, zinasimulia kwamba baba alijibu bila haya: nyundo na fuawe anazo bado, atafua watoto wengine bora kuliko huyo. Stephen hakuwa na moyo wa kumuua. Mtoto akakua, akawa bingwa wa mashindano ya wapanda farasi, akamtumikia mrithi wa ufalme aliyeitwa Henry Kijana, na kijana huyo alipofariki mwaka 1183, Marshal akaenda Nchi Takatifu kutimiza nadhiri kwa niaba yake. Aliporudi, Mfalme Henry wa Pili alimzawadia ardhi ya Cartmel.

Na Marshal alifanya nini na ardhi hiyo? Alioa mmoja wa wanawake matajiri zaidi nchini, Isabel de Clare, akapata mashamba makubwa kusini, Wales na Ireland. Cartmel haikuwa tena na maana kwake kama riziki. Mnamo mwaka 1190 akaitoa yote kwa ajili ya nyumba ya watawa, waombee roho za Henry wa Pili, za Henry Kijana, za Mfalme Richard, na za jamaa zake mwenyewe. Wapo watakaosema alitoa kisichomuuma. Sawa, lakini alikitoa chote.

Watawa aliowaleta, kutoka Bradenstoke kusini mwa nchi, walikuwa makanoni wa Mtakatifu Augustino. Augustino huyo ni Mwafrika, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, askofu wa Hippo, aliyefariki mwaka 430. Kanuni ya maisha inayobeba jina lake ilisafiri kutoka pwani ya Afrika Kaskazini hadi kwenye kibonde hiki chenye mvua. Tofauti kati ya kanoni na mmonaki ni muhimu kwa hadithi yetu. Mmonaki kazi yake ni kukaa ndani na kusali. Kanoni ni padre. Anaishi na wenzake kwa kanuni, lakini anaweza kutoka kuwahudumia watu, kubatiza, kufungisha ndoa, kuzika. Furness walikuwa wamonaki. Cartmel walikuwa makanoni.

Marshal aliweka masharti. Nyumba hii isije ikafanywa abasia hata siku moja. Abasia, kama Ndanda au Peramiho kwetu Tanzania, huwa na abati, naye ni bwana mkubwa anayejisimamia. Nyumba ya Cartmel ingeongozwa na priori, cheo cha chini ya hapo, na kila priori akifa makanoni wangependekeza wawili, Marshal au warithi wake wakachagua mmoja. Mzee alitaka kushika kamba mkononi. Sharti la pili ndilo lenye uzito kwangu: mapokeo ya pale yanasema alitaka wanakijiji wawe na altare yao na padre wao ndani ya kanisa hilo jipya. Wakapewa chumba cha upande wa kusini wa altare kuu, ambacho hadi leo kinaitwa Kwaya ya Mji.

Ipo pia hadithi kwamba watawa walitaka kujenga mlimani, wakasikia sauti ikiwaambia watafute bonde lenye mito miwili, mmoja ukienda kaskazini, mwingine kusini. Simulizi za namna hiyo zipo kila mahali penye kanisa la kale, na sina haja ya kuzikanusha.

Sasa tuingie ndani. Kanisa limejengwa kwa umbo la msalaba. Ujenzi ulianza mashariki, penye altare, kama ilivyokuwa desturi, ili ibada ianze wakati waashi wakiendelea na mengine. Na hapa mwaka 1190 unajionyesha wenyewe, mawe yakizungumza. Matao makubwa yanayotenganisha altare na vyumba vya pembeni ni ya duara, mazito, yamechongwa mistari juu ya mistari. Huo ni ujenzi wa Kinormani, wa mababu zao. Lakini ukigeuka ukatazama matao manne yanayobeba mnara katikati ya msalaba, hayo yamechongoka juu. Huo ni mtindo mpya, uliokuwa umevuka bahari kutoka Ufaransa.

Tofauti si ya urembo tu. Tao la duara halina uhuru: upana wake ukiwa mita nne, kimo chake lazima kiwe mita mbili, hakuna mjadala. Kwa hiyo mwashi anayetaka kukutanisha matao ya upana tofauti kwenye kimo kimoja anapata taabu. Tao lililochongoka linakubali kurefushwa au kufupishwa upendavyo, na uzito wake husukuma zaidi kwenda chini kuliko kwenda pembeni, hivyo kuta hazielemewi sana. Waashi wa Cartmel walizijua mbinu zote mbili na hawakuona aibu kuzichanganya. Wapenzi wa usafi wa mitindo hukunja uso wakiona mchanganyiko huo. Mimi naupenda, kwa sababu unaonyesha watu waliokuwa katikati ya kujifunza kitu.

Upande wa watu, yaani mwili wa kanisa kuelekea magharibi, ni mfupi na mkavu, karibu wa kimaskini ukilinganisha na ule wa altare. Anayeingia kwa mlango wa kusini, wenye tao la duara la tangu mwanzo, huanza kwa kukatishwa tamaa. Avumilie hatua chache.

Karne ya 14 ilianza vibaya. Baada ya kuwashinda Waingereza mwaka 1314, Waskoti wa Robert Bruce walishuka kusini kupora, na mwaka 1322 walifika hadi huku. Abati wa Furness aliwalipa ili waipishe ardhi yake. Cartmel ilichomwa mashamba na kuchukuliwa mifugo. Miaka michache baadaye makanoni walijenga lango la ngome, la mawe, ambalo bado limesimama kwenye uwanja wa kijiji. Ndani ya kanisa, kutoka karne hiyo hiyo, kuna kaburi la bwana mmoja wa jirani, John Harrington, aliyefariki mwaka 1347, akiwa amelala na mkewe kwa sanamu za mawe. Chini yao wamechongwa makanoni wadogo wadogo wakisoma sala vitabuni. Ni wazi kwamba kaburi hilo limewahi kuhamishwa, kwa maana halikai vizuri pale lilipo. Wakuu huhamishwa hata makaburini.

Karne ya 15 ndiyo iliyolipa kanisa sura yake ya ajabu. Makanoni walifanya jambo ambalo watawa hawalifanyi bila sababu nzito: waliihamisha nyumba yao yote, uwanja wa ndani, chumba cha kulia na malazi, kutoka upande wa kusini wa kanisa kwenda kaskazini. Kusini ndiko kwenye jua, na katika nchi ile ya baridi kila nyumba ya kitawa ilitamani kukaa kusini, si kwenye kivuli cha kanisa. Sababu inayotajwa sana ni ardhi: upande wa kusini udongo haukuwa imara, na kaskazini mwamba ulikuwa karibu.

Kisha wakavunja ukuta wa mashariki, wakafungua dirisha la kimo cha karibu mita 14. Vioo vyake vya rangi vimebaki vipande vichache. Mwangaza wenyewe haukuhitaji kubaki, unakuja kila asubuhi.

Lakini kinachowafanya watu wasimame barabarani ni mnara. Kulikuwa na mnara mfupi wa mraba juu ya makutano ya msalaba, wa tangu zama za Marshal. Katika karne ya 15 wakaamua kuuongezea ghorofa ya kengele. Mtu yeyote angejenga mraba juu ya mraba, kuta juu ya kuta. Wao waliuzungusha ule wa juu kwa nusu ya pembe mraba, ukakaa mshazari, kama boksi dogo lililowekwa kombo juu ya boksi kubwa. Pembe nne za mnara wa juu zinaangukia katikati ya kuta nne za mnara wa chini. Inasemwa kwamba Uingereza nzima hakuna mwingine kama huo, na sijaona wa kulipinga neno hilo.

Unaweza kufikiri ni mchezo. Hebu tazama kilicho chini ya katikati ya kila ukuta: ni kilele cha mojawapo ya yale matao manne yaliyochongoka. Ukichukua mnyororo, ukaushika ncha mbili, ukaning'iniza uzito mmoja katikati, mnyororo utashuka kwa umbo la ncha. Uugeuze juu chini: umepata tao lililochongoka. Maana yake ni kwamba tao la namna hiyo linapenda kubebeshwa kileleni. Mzigo pale linaupokea na kuupitisha kwenye nguzo bila kulalamika. Kama tao lingekuwa la duara, mzigo huo ungekuwa wa mashaka zaidi. Mwashi wa karne ya 15 hakuwa na hesabu tulizonazo. Alikuwa na macho, mazoea, na nguzo zilizokuwa zimekwisha kusimama kwa miaka 200 bila kupasuka. Ukisimama chini ya mnara ukainua kichwa, unaona mraba ndani ya mraba, mmoja umepinda, na shingo inakuuma kabla hujachoka kutazama.

Wakati huo huo, mnamo mwaka 1440, makanoni walitengenezewa viti vipya vya mbao kwa sala zao. Viko 26. Kiti cha namna hii hukunjwa juu, na chini yake kuna kibao kidogo ambacho mzee aliyesimama saa nyingi anaweza kuegemeza makalio huku akionekana bado amesimama. Ni ujanja mtakatifu. Kwa kuwa vibao hivyo hufichika chini ya mtu, maseremala walijiachia. Pale altareni walichonga yanayopaswa. Hapa chini walichonga waliyoyapenda. Kuna mwari anayejichoma kifua kulisha vifaranga. Kuna uso wa mtu unaotoa majani, tena si uso mmoja bali nyuso tatu chini ya taji moja. Kuna nguva mwenye mikia miwili. Kuna nyani tabibu, ameinua chupa ya mkojo wa mgonjwa akiichunguza kwa makini, na bila shaka makanoni walimfahamu daktari aliyekusudiwa.

Na kuna ndovu, msikilizaji. Amebeba ngome mgongoni, ngome kamili yenye minara. Seremala yule hakuwahi kumwona ndovu, na inajulikana tu. Alimchonga kwa habari za vitabuni, vilivyosema ndovu hubeba askari vitani ndani ya nyumba ya mbao. Jambo linalonifurahisha ni kwamba Ulaya ya wakati ule ilijaa pembe za ndovu. Mafundi wa Paris walichonga sanamu za Bikira Maria kwa pembe zilizotoka Afrika, na pwani yetu ilikuwa ikiuza pembe kupitia kwa Waarabu tangu karne nyingi nyuma. Pembe zilifika, habari za mwenye pembe zikapotea njiani.

Sasa tufike kwenye ubaya. Mwaka 1535 mfalme aliagiza kila nyumba ya kitawa ikadiriwe mapato yake. Cartmel iliandikwa pauni 91 na ushei kwa mwaka. Sheria ya 1536 ikasema zote zilizo chini ya pauni 200 zifungwe. Oktoba mwaka huo kaskazini ikalipuka: maelfu ya watu, wakulima kwa mabwana, walisimama kudai pamoja na mengine kwamba nyumba za watawa zirudishwe. Makanoni wa Cartmel wakarudi kwenye nyumba yao. Priori wao hakuwa pamoja nao; alitoroka akajiunga na upande wa mfalme. Hakuna wa kumlaumu mtu kwa kuogopa kamba, ila ni vigumu kumsifu.

Mfalme aliahidi msamaha, waasi wakatawanyika, kisha msamaha ukapatiwa sababu za kuvunjwa. Mapema mwaka 1537, Lancaster, kadhaa kati ya makanoni wa Cartmel walinyongwa, na pamoja nao wanakijiji waliowaunga mkono. Wakulima walikwenda kitanzini kwa ajili ya nyumba ambayo kisheria haikuwa yao.

Mwaka huo huo ndipo maofisa walipoandika lile swali, na jibu likawa kanisa liachwe. Nisome vipi jibu hilo? Si huruma, watu walionyonga wakulima hawakuwa na huruma ya ghafla kwa mawe. Ni sheria na hesabu. Parokia haikufungwa, padre wa parokia alipaswa kuwa na mahali pa kusalishia, na mahali hapo, kwa ile Kwaya ya Mji, palikuwa ndani ya kanisa la watawa. Ukilibomoa unalazimika kuwajengea jingine. Walichokuwa nacho wanakijiji ni haki ya kutumia pembe moja ya jengo, na pembe hiyo ikalishikilia jengo zima. Furness hapakuwa na pembe ya mwanakijiji. Kwa hiyo ninapoambiwa Marshal ndiye aliyeliokoa, nasema sehemu. Sehemu nyingine ni ya vizazi vya watu waliokuwa wakiingia mle kila Jumapili, wakihesabu kuwa ni kwao, hadi ofisa mgeni akaona shaka ya kuandika "libomolewe".

Katika orodha ile ile kuna swali jingine, dogo, ambalo wanahistoria hulipita haraka. Linahusu majoho ya ibada. Wakazi wa Cartmel walidai kwamba majoho fulani si mali ya watawa bali ya kanisa lao, kwa kuwa yalitolewa na mtu mmoja aliyeitwa Brigg. Jibu: wanaparokia wabaki nayo. Fikiria hali ilivyokuwa. Majirani zenu wamenyongwa juzi, maofisa wenye panga wako mlangoni, na bado mtu anasimama mbele yao na kusema, samahani, lile joho ni letu, alitoa fulani. Huo ndio ujasiri ninaouelewa zaidi kuliko wa Marshal na mikuki yake.

Hata hivyo kuachwa lisimame hakukuwa na maana ya kuachiwa paa. Paa lilikuwa na madini ya risasi, na risasi ni fedha. Likavuliwa, isipokuwa juu ya Kwaya ya Mji. Kwa miaka kama 80 wanaparokia walisali kwenye chumba chao kikavu huku ng'ambo ya tao mvua ikinyesha ndani ya kanisa lao wenyewe, juu ya vile viti 26, juu ya nguva na nyani na ndovu. Mbao zake bado zina makovu ya hali ya hewa hiyo.

Watawa walikuwa pia na jukumu la kuvusha watu kwenye ule mchanga wa ghuba. Makanoni ndio waliokuwa wakigharimia mwongozaji, mtu ajuaye mikondo ya mito na tope linalomeza farasi. Walipoondolewa, wasafiri hawakuacha kuvuka. Kwa hiyo aliyefunga nyumba akajikuta amerithi kazi zake: kuanzia mwaka 1548 Dachi ya Lancaster yenyewe ikateua mwongozaji. Cheo kipo hadi sasa, kina nyumba ya kuishi na mshahara wa pauni 15, kwa mwaka, wala si kwa siku. Reli ya mwaka 1857 ilimaliza safari za magari ya farasi, lakini watu bado huvuka kwa miguu kwa kujifurahisha, nyuma ya mwongozaji.

Paa lilirudi mnamo mwaka 1618 kwa gharama ya George Preston wa Holker, na anasifiwa kwa haki. Nitaongeza tu kwamba Holker ilikuwa ardhi ya watawa kabla ya kuwa ya akina Preston. Alichokirudisha kanisani kilikuwa na asili yake. Lakini hakubania. Aliweka juu ya vile viti vilivyoloa dari na kiambaza cha mbao, kazi ya kutoboa na kuchonga ambayo ukiisogelea unaona mizabibu ikipanda nguzo, na katikati ya zabibu alama za mateso ya Yesu. Maseremala wa 1440 na wa 1618 wamekaa pamoja hapo, mmoja akicheka chini ya kiti, mwingine akisali juu ya kichwa.

Mengine yalipita upesi. Mwaka 1643, wakati wa vita kati ya Mfalme na Bunge, askari wa Bunge walipiga kambi kanisani, na mlango wa kusini-magharibi una matundu ya risasi hadi leo. Wenyeji huuita Mlango wa Cromwell ingawa Cromwell mwenyewe hakuwapo. Lile lango la ngome likawa shule kuanzia 1624 hadi 1790. Katika karne ya 19 msanifu Edward Paley alilikarabati kanisa na kuliacha kwa namna tunayoiona, mawe yakiwa wazi. Watu wengi huamini hivyo ndivyo zama za kati zilivyokuwa. Sivyo, makanisa ya wakati ule yalipigwa lipu, yakapakwa chokaa na rangi za kupigia kelele. Ule ukimya wa jiwe tupu ni ladha ya wajukuu wao. Na katika karne ya 20 mchongaji Josefina de Vasconcellos aliongeza sanamu ya Yosefu, Maria na mtoto wakipumzika katika safari ya kukimbilia Misri.

Ukibahatika kufika huko, usiende moja kwa moja chini ya mnara kama wageni wengine. Ingia kwanza Kwaya ya Mji, ukae kidogo. Kisha omba ruhusa wakuinulie kiti kimoja au viwili. Na kabla hujatoka, uliza mwavuli. Wanao mmoja mkubwa, wa zaidi ya miaka 200, ambao padre alikuwa akishikiwa kaburini wakati wa maziko ili mvua ya Cartmel isimlowanishe yeye na kitabu chake. Wafiwa, kwa kadiri ninavyoweza kuona, walijitegemea.